Unga wa Protini na Figo za Mayala

Kila asubuhi Paskazia anawahi mwaloni Igombe, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Ananunua dagaa wabichi kwa wavuvi, anawaosha, anawatandaza juu ya vichanja. Kazi hiyo haina mzaha. Ukizembea kuwageuza wananuka, na mvua ikikuwahi umekwisha. Paskazia ana mikono myepesi, na mdomo wake nao si mzito. Mteja anayechagua dagaa huku akiwatafuna bila kununua hujibiwa palepale.

Mume wake anaitwa Mayala. Ni fundi mwashi. Nyumba nyingi za mlimani huko Ilemela, zile zilizobanana na mawe makubwa, zimepita mikononi mwake. Majirani wanamwita Baba Shigela, kwa jina la mtoto wao wa kwanza.

Mayala ana presha ya siku nyingi. Zamani aliidharau. Kichwa kikiuma alimeza vidonge, kichwa kikitulia aliviacha. Mwaka jana hospitali ilimpima damu na mkojo. Akaambiwa ana ugonjwa sugu wa figo. Figo zake hazijafa, ila zimebaki na nguvu chini ya nusu.

"Tukizitunza zitakufikisha mbali," daktari alimwambia. "Tukizichezea, utaishia kwenye mashine ya kusafisha damu."

Neno mashine halikumtoka Mayala kichwani. Alikuwa ameona watu wa mashine. Wanakwenda hospitali kila wiki, tena zaidi ya mara moja, na kila mara wanalala pale saa nyingi huku damu yao ikizunguka kwenye mipira. Fundi wa mawe ataifanyaje kazi yake namna hiyo? Watoto watasomaje?

Basi akaogopa kwelikweli. Akameza vidonge bila kuruka. Akapunguza chumvi na nyama. Kwa woga huo huo akapunguza na ugali, na hilo hakuna aliyemwambia. Presha ikashuka. Na mwili nao ukapungua.

Hapo ndipo alipokuja wifi.

Evelina ni dada mkubwa wa Mayala, anaishi Kisesa. Alipofika alimtazama mdogo wake, akaweka mkoba chini taratibu.

"Shikamoo, wifi," alisema Paskazia.

"Marahaba. Mama Shigela, huyu mdogo wangu unamlisha nini?"

"Tunafuata masharti ya hospitali, wifi."

"Masharti ya njaa? Shingo yote imekwisha! Wazee wakimwona hivi watasema ameoa mtu wa namna gani?"

Mdomo wote ule wa Paskazia wa mwaloni ukafa ganzi. Huku kwetu ndivyo tulivyo: mwanaume akikonda, anayeulizwa ni mke. Haiulizwi presha, hayaulizwi maradhi, hata mwanaume mwenyewe haulizwi. Mke ndiye mshitakiwa. Tabia hii inaudhi, tena inaua watu, maana mke aliyetiwa aibu atanunua chochote.

Na wanaouza chochote wapo, wanajua nyumba za kuingia.

Jumapili iliyofuata, akina mama wa jumuiya walikuwa wamemaliza sala nyumbani kwa jirani. Akaingia mwanamke mmoja, nadhifu, ana mkoba mkubwa. Alijitambulisha kuwa ni Dorcas, mshauri wa afya. Nani alimpa kazi hiyo ya ushauri, hakusema, na hakuna aliyemuuliza. Akatoa kopo refu lenye picha ya kijana mwenye misuli.

"Huu ni unga wa protini," alisema. "Vijana wanaonyanyua vyuma wanauchanganya na maziwa, wanauita sheki. Unajenga mwili. Unarudisha nguvu. Na figo zilizochoka, unaziamsha."

Paskazia aliposikia figo alisogea mbele.

"Mume wangu ana figo," alisema. "Lakini hospitali walisema apunguze nyama."

"Nyama ni nyama, dada yangu. Huu ni mmea. Mmea utamdhuru vipi mtu?" Dorcas alitoa simu. "Huyu mnamjua?"

Wote walimjua. Ilikuwa picha ya Mzee Otuoma, anayekaa kule chini karibu na barabara. Alikuwa ameshika glasi, anatabasamu.

"Ana figo huyu, tena mbaya," alisema Dorcas. "Mwangalieni. Anakunywa protini kila siku."

"Mbona hospitali hawatwambii?" aliuliza Paskazia.

"Wakwambie upone, halafu wamtibu nani?"

Akina mama walicheka. Maneno hayo ni matamu, na matapeli wanayapenda. Ukishayameza, daktari akikuonya unamwona yeye ndiye mwongo.

Paskazia alinunua kopo. Siku ile ile akakoroga unga na maji, akampelekea mumewe.

"Inanuka chaki," alisema Mayala, akarudisha kikombe.

Lakini Paskazia si mtu wa kushindwa na kikombe. Anajua dagaa, na huku ziwani dagaa ndiyo nguvu ya mtoto, ya mzazi na ya mgonjwa. Alitwanga dagaa wakavu mpaka wakawa unga laini. Akachemsha supu nzito, akatia chumvi na kiungo cha paketi. Kisha akakorogea humo unga wa Dorcas, vijiko vya kutosha.

Mayala alionja. Akamaliza kikombe, akaomba kingine.

Basi ikawa asubuhi kikombe kikubwa, jioni kikombe kikubwa. Dorcas alipopita aliongeza na cha mchana. "Ukitaka nyumba iishe haraka unaongeza matofali," alisema. Mayala, kwa ufundi wake, akaona ni maneno ya busara.

Haikuchukua muda, mashavu ya Mayala yakajaa. Kule kwenye ujenzi wenzake wakamtania: "Fundi, siku hizi unakula na kina nani?" Evelina alirudi, akapiga vigelegele mlangoni.

"Sasa huyu ndiye mdogo wangu! Wifi, nisamehe. Umefanya kazi."

Dorcas naye alifika, akawapiga picha, Mayala akiwa amekaa katikati. Paskazia alifurahi. Ni nani asingefurahi? Siku nyingi alikuwa akitembea ameinamisha kichwa.

Asubuhi moja viatu vya kazi vya Mayala vilikataa kuingia. Watu wakacheka. Eti mpaka miguu imenenepa! Inatia uchungu kukumbuka kicheko kile. Watu wazima, wenye macho, hakuna aliyejiuliza ni mtu gani huyo anayeanza kunenepa kwenye vifundo vya miguu.

Baada ya hapo mambo yakabadilika. Mayala akawa anaamka na kichefuchefu. Akajikuna mgongo mpaka shati likalowa damu. Mkojo ukawa mdogo, tena una povu jingi. Akipanda mlima alisimama njiani kuvuta pumzi.

"Mwili unazoea protini," alisema Dorcas kwenye simu. "Mwongeze kidogo."

Paskazia alisita. Jioni Mayala alikaa kizingitini, akabonyeza mguu wake kwa kidole gumba. Alipotoa kidole, shimo likabaki. Wakalitazama wote wawili. Halikurudi upesi.

"Mama Shigela," alisema Mayala polepole, "hii si nyama. Haya ni maji."

Kulipokucha Paskazia hakwenda mwaloni. Alishuka moja kwa moja kwa Mzee Otuoma, ili amuulize yeye alivumiliaje mwanzoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Karibu, keti."

"Baba, nimekuja kuuliza habari ya ule unga wa protini. Wewe ulipoanza kuunywa, ulivimba?"

Mzee Otuoma alikunja uso. "Unga upi?"

Paskazia akamweleza yote, tangu picha kwenye simu mpaka shimo la mguuni. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Yule mwanamke alikuja hapa kuniona mgonjwa," alisema. "Akaniletea na machungwa, wakati hospitali wamenikataza machungwa. Akasema tupige picha ya kumbukumbu. Kumbe ndiyo ananiuza?"

"Lakini baba, ile glasi mkononi..."

"Kile ni kinywaji nilichoandikiwa hospitali. Mama, mimi niko kwenye mashine. Figo zangu zilishakufa. Mumeo yuko kwenye mashine?"

"Hapana."

"Basi nani alikwambia chakula changu ndicho chakula chake?" Mzee aliinuka kwa fimbo yake. "Mpeleke hospitali sasa hivi. Si kesho. Na hilo kopo uende nalo."

Hospitali ya rufaa walimpokea Mayala, wakampima presha, damu na mkojo. Presha ilikuwa juu. Daktari aliyasoma majibu, akayarudia. Figo zilikuwa zimeshuka nguvu zaidi kuliko mwaka jana.

"Ni mashine?" aliuliza Mayala.

"Bado," alisema daktari. "Lakini mlikuwa mnaikimbilia."

Alirekebisha dawa, akawapeleka kwa mtaalamu wa lishe. Huyo alikuwa mwanamke wa makamo anayeitwa Perez. Alilichukua kopo, akaligeuza na kusoma nyuma. Kisha akauliza lilivyotumika. Paskazia alieleza habari ya supu, dagaa, chumvi na vijiko. Alipomaliza alikuwa anatazama sakafu.

"Inua uso, mama," alisema Perez. "Baba Shigela, wewe ni fundi. Mchanga unauchekecha na nini?"

"Na chekeche."

"Matundu ya chekeche yakiziba zaidi ya nusu, kibarua akazidi kukumwagia mchanga, itakuwaje?"

"Mchanga utajaa juu. Na chekeche litapasuka."

"Figo ni chekeche la damu. Tukila protini, yaani nyama, samaki, dagaa, maharage, mayai, maziwa, mwili unajenga, halafu unabaki na taka. Figo ndizo zinazotoa taka hizo. Figo nzima zinamudu. Zako zimeziba zaidi ya nusu, na ulikuwa unamwagiwa mara tatu kwa siku. Taka zikabaki kwenye damu. Ndiyo kichefuchefu, ndiyo kuwashwa."

"Na kuvimba?" aliuliza Paskazia.

"Kuvimba ni chumvi na maji ambayo figo zimeshindwa kuyatoa. Supu ilikuwa na chumvi, kiungo cha paketi nacho ni chumvi, na huu unga wenyewe una chumvi ndani. Halafu una madini ambayo figo dhaifu haziyawezi. Mengine yanadhuru mifupa, mengine yanaweza kusimamisha moyo. Dagaa nao, kwa sababu tunawala na mifupa yao, wana madini hayo mengi."

"Alisema ni mmea!"

"Hata ukitoka kwenye mmea, protini ni protini. Ikishakaushwa na kushindiliwa kwenye kopo, kijiko kimoja kinabeba mzigo mkubwa."

Safari hii mdomo wa Paskazia ulirudi wote.

"Sasa dokta, mbona Mzee Otuoma mnampa? Yeye anaongezwa, mume wangu anapunguziwa, na wote mnasema figo! Sisi tutajuaje? Mwaka jana mlisema 'punguza nyama', mkaita mgonjwa mwingine. Apunguze ibaki ngapi? Ale nini badala yake? Hakuna aliyetueleza. Mtu wa kopo alikaa na mimi saa nzima!"

Mayala alimgusa mkewe mkono. Lakini Perez alitikisa kichwa kukubali.

"Umesema kweli, mama. Hilo ni kosa letu. Kaa, leo hatutaharakishana."

Akavuta kiti karibu.

"Mgonjwa wa mashine ni habari nyingine. Mashine inatoa taka, lakini inaondoka pia na sehemu ya protini nzuri. Kwa hiyo yeye anahitaji protini zaidi kuliko mumeo. Wachache tunawaandikia na kinywaji maalumu, tunawapima, tunawafuatilia. Hata yeye hachagui kopo barabarani. Mumeo hajafika kwenye mashine. Kwake kuzidisha protini ni kuzichosha figo zilizobaki."

"Basi niache kabisa samaki na maharage?" aliuliza Mayala.

"Hapana! Ukiacha kabisa, mwili utajila wenyewe. Unakula, ila kwa kiasi. Kiasi hicho tunakipanga kwa uzito wako na vipimo vyako, si kwa vya jirani. Kwako wewe sasa, mlo mmoja wa siku uwe na kipande cha samaki kinachoenea kiganjani, bila vidole. Mlo mwingine, maharage kidogo. Si vyote pamoja. Samaki awe mbichi wa kupika, si wa chumvi. Kiungo cha paketi kitoke jikoni. Tumieni kitunguu, tangawizi, ndimu kidogo."

"Na kukonda?"

"Ulikonda kwa sababu uliogopa hata ugali. Ugali una kosa gani? Wewe huna kisukari. Kula ugali, kula wali, tia mafuta kidogo kwenye mboga. Hivyo ndivyo vinavyokupa nguvu ya kazi. Ukikonda tena, njoo hapa tujue sababu. Usiende kwenye kopo."

Paskazia alimtazama mumewe. "Wifi atasema tena."

"Mlete huyo wifi," alisema Perez. "Nitaongea naye mimi."

Na kweli, siku ya kurudi kliniki Evelina alikuja. Alikaa kwenye benchi, akaelezwa, akaonyeshwa mguu wa mdogo wake ulivyokuwa umebonyea. Alilia. Paskazia hakumbembeleza haraka. Alimwacha alie kidogo, kisha akampa khanga ajifute.

Mashavu ya Mayala yalishuka. Kichefuchefu kikaisha, na ngozi ikaacha kuwasha. Viatu vikaingia. Alikula ugali wake bila woga, samaki wake kwa kipimo, na vidonge vyake kila siku, kichwa kiume kisiume. Baada ya miezi michache, daktari aliyatazama majibu mapya, akatabasamu. Figo zilikuwa zimepata nguvu kidogo na kutulia. Hazikurudi kuwa nzima, na daktari hakumdanganya kwamba zitarudi. Ila mashine ilikuwa mbali tena. Mayala akarudi kwenye mawe yake, kazi nyepesi kwanza.

Hadithi ingeishia hapo kama Dorcas angekuwa mtu wa kuona haya.

Jumamosi moja Rozina, jirani yao, alimwita Paskazia kwa furaha. "Mama Shigela, kumbe dawa ya mumeo ni ile ya kopo! Nasi tumeipata. Mshauri yuko ndani anatuelekeza."

Mume wa Rozina ni Nestory, dereva wa lori. Mwezi ule ule naye alikuwa ameambiwa figo zake zinachoka.

Paskazia alimwita Mayala, wakaingia wote. Dorcas alikuwa kwenye kochi, simu mkononi. Kwenye simu ilikuwepo picha ya Mayala, mashavu yamejaa, macho yamekuwa madogo.

"Huyu alikuwa amekwisha," Dorcas alikuwa anasema. "Mwangalieni baada ya kopo moja tu..."

"Mwangalieni hapa alipo," alisema Paskazia.

Dorcas aligeuka. Akataka kucheka, kicheko kikamkwama.

"Mama Shigela! Nilikuwa nawaeleza..."

"Waeleze mguu ulivyobaki na shimo. Waeleze nilipokupigia mume wangu ana kichefuchefu, ukaniambia nimwongeze. Mbona hiyo hukuipiga picha?"

"Dada, kila mwili una..."

"Usiniite dada! Mwenye kopo alikwambia limepimwa kwa wagonjwa wa figo? Ulimuuliza mume wangu vipimo vyake? Mzee Otuoma ulimuuliza kama yuko radhi umtembeze kwenye simu? Ulikwenda kumwona mgonjwa na machungwa, ukatoka na tangazo!"

"Mimi nami nauza tu," alisema Dorcas kwa sauti ndogo. "Hivyo ndivyo tulivyofundishwa."

"Basi kajifunze upya," alisema Paskazia. "Na picha ya mume wangu ifute. Hapa hapa, tukiona. Na ya Mzee pia."

Dorcas aliifuta. Rozina aliinuka, akachukua makopo yote mezani, akayatia kwenye mkoba wa Dorcas, akafunga zipu. Dorcas akatoka bila kuaga. Kesho yake Paskazia na Mzee Otuoma walikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kumshitaki, na habari ikafika kwa bwana afya.

Lakini siku ile, Dorcas alipotoka, Nestory alikuwa bado amekaa. Aliwatazama Paskazia na Mayala kwa aibu.

"Fundi," alisema, "mimi hata sijui kama zangu ni za mashine au si za mashine. Niliambiwa figo, nikaogopa kuuliza."

Mayala alikaa karibu naye kwenye kochi.

"Hata mimi niliogopa kuuliza," alisema. "Jumatatu nina kliniki. Tutakwenda pamoja, tukaulize mpaka tuelewe."